Jinsi ya kuingiza matokeo ya utafiti wa fedha za umma kwenye hifadhidata ya pamoja

Utafiti unapogharamiwa na kodi, aliyelipa kodi anastahili kujua fedha zake zimezaa nini. Hifadhidata ya pamoja ya metadata ndilo daftari la kumjibu. Haitunzi makala wala data yenyewe. Inatunza habari zake: nani ameandika, alikuwa chini ya taasisi gani, fedha zilitoka kwa nani na kwa ruzuku ipi, kazi ilitoka lini, na inasomwa wapi.

Daftari hilo huandikwa na taasisi nyingi kwa wakati mmoja, na ugumu wake unaanzia hapo. Makala moja yenye waandishi wa taasisi nne huweza kufika mara nne, kila mara ikiwa imeandikwa tofauti kidogo. Mashine inayopokea haijui nia ya aliyeandika, inalinganisha vitambulisho, yaani namba za kudumu zinazotambulisha kazi, mtu, taasisi au ruzuku. Vikilingana, rekodi nne zinakuwa moja. Visipolingana, kazi moja inahesabiwa mara nne, au ruzuku inaonekana haikuzaa kitu. Kwa sababu hiyo tutakaa sana kwenye vitambulisho na kupita haraka kwenye mengine. Kichwa cha makala kikikosewa herufi, msomaji atakitambua tu. Namba ya ruzuku ikikosewa tarakimu moja, hakuna atakayegundua.

Viweke tayari kabla ya kufungua fomu

Anza na namba ya ruzuku, na uichukue kwenye mkataba wenyewe. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutumia namba ambayo idara ya fedha ya taasisi imeupa mradi kwa ajili ya hesabu zake za ndani. Watafiti huiona namba hiyo kila siku kwenye fomu za manunuzi na za safari, kwa hiyo ndiyo wanayoikumbuka, lakini mfadhili haijui kabisa. Nakili namba ya mfadhili jinsi ilivyo: sifuri za mbele, vistari, mikwaju (/) na herufi kubwa vyote ni sehemu yake. Usiongeze neno "Ruzuku" wala alama ya namba mbele yake.

Namba hiyohiyo ndiyo iwekwe kwenye shukrani za makala tangu siku ya kuwasilisha kwa jarida, na pia kwenye kisanduku cha mfadhili katika mfumo wa jarida, kama kipo. Vyote viwili vinahitajika. Shukrani husomwa na watu, kisanduku ndicho kinachompa mchapishaji habari za kupeleka kwenye sajili ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha kazi yenyewe. Mwandishi akiacha kisanduku wazi, makala hutoka ikiwa na shukrani nzuri kwenye ukurasa na bila mfadhili yeyote kwenye metadata.

Pili, kusanya ORCID, yaani vitambulisho vya watafiti, za waandishi wa taasisi yako. Tatu, ROR, kitambulisho cha taasisi. Nne, DOI ya kazi ikiwa imeshapatikana. Tano, faili la andiko lililokubaliwa, yaani lile lililopita uhakiki wa wanataaluma lakini bado halijapangwa na mchapishaji. Faili hili huwa kwa mwandishi anayewasiliana na jarida, na baada ya mwaka mmoja kulipata ni kazi kubwa. Liombe siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika, na barua yenyewe uihifadhi: tarehe ya kukubaliwa haionekani kila mara kwenye ukurasa wa makala, na kuna masharti ya ufadhili yanayohesabu muda wa kuweka andiko hadharani kuanzia tarehe hiyo.

Amua kwanza ni aina gani ya tokeo

Makala ya jarida, kitabu, sura ya kitabu, mada ya mkutano, seti ya data, programu ya kompyuta, ripoti, tasnifu na hataza kwa kawaida vyote vina nafasi yake. Mahojiano ya redio au makala ya gazeti huingia tu pale hifadhidata inapokuwa na kundi la kazi za kuelimisha umma. Usiyabane kwenye kundi la makala ili idadi iongezeke.

Mada za mkutano ndizo zinazosumbua. Angalia chombo kilichozibeba. Zikitoka katika toleo la jarida lenye ISSN (namba ya jarida), juzuu na namba ya toleo, ziandike kama makala; zikitoka katika kitabu cha mkutano chenye ISBN (namba ya kitabu), ziandike kama mada. Kuna mifululizo yenye ISSN na ISBN kwa pamoja. Hapo fuata kanuni ya hifadhidata yako, na muhimu zaidi, uamuzi uwe uleule kwa mada zote za mkutano huo, hata kama zimeletwa na idara tofauti.

Rasimu iliyowekwa hadharani kabla ya uhakiki ina DOI yake, na makala iliyochapishwa baadaye ina DOI nyingine. Hizi ni rekodi mbili zinazounganishwa kwa uhusiano, si rekodi moja inayobadilishiwa DOI. Ukibadilisha, kila aliyeinukuu rasimu ataonekana ameinukuu makala ambayo wakati huo haikuwepo.

Seti za data zina mtego wake. Hazina ya kidijitali ya kuhifadhi kazi, kama Zenodo, hutoa DOI moja kwa kila toleo la data na nyingine inayowakilisha matoleo yote kwa jumla. Ile ya jumla humpeleka msomaji kwenye toleo jipya kabisa. Unaporipoti data iliyotumika katika makala fulani, weka DOI ya toleo lililotumika, maana anayetaka kurudia hesabu anahitaji namba zilezile, si zilizosahihishwa miezi minane baadaye.

Tafuta kabla ya kuandika

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na gharama yake inaangukia wengine. Tafuta kwa DOI kwanza. Isipopatikana, tafuta kwa maneno matano au sita ya mwanzo wa kichwa, bila kichwa kidogo kinachofuata nukta mbili, kwa kuwa wengine hukiacha. Mwisho tafuta kwa jina la ukoo la mwandishi wa kwanza pamoja na mwaka, kisha mwaka mmoja nyuma na mmoja mbele.

DOI yenyewe isafishe kwanza. Huanza na 10., ikifuatiwa na namba ya aliyeisajili, mkwaju, kisha sehemu ya pili. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti ndani yake, lakini mfumo usiojua hivyo utaziona kuwa mbili, kwa hiyo ziandike zote kwa herufi ndogo. Ukiinakili kutoka PDF, angalia mambo mawili: nukta ya mwisho wa sentensi iliyojishikiza mwishoni, na kistari au nafasi iliyoingia pale mstari ulipokatika. Kisha ibandike kwenye kivinjari baada ya https://doi.org/ na uhakikishe inafungua kazi yenyewe. Sekunde kumi tu.

Ukikuta rekodi ipo, usifungue mpya. Ongeza kilicho chako: muunganishe mwandishi wako, taja taasisi, ongeza ruzuku. Ukikuta zipo mbili, omba ziunganishwe. Ibaki ile yenye DOI na yenye waandishi waliotambuliwa wengi zaidi, na kitambulisho cha ile nyingine kielekezwe kwenye iliyobaki. Kuifuta moja kwa moja ni makosa, kwa kuwa kitambulisho chake huenda tayari kimo kwenye ripoti ya taasisi nyingine.

Vuta metadata, kisha uikague

Kama kuna DOI, usiandike kichwa wala majina kwa mkono. Iweke DOI kwenye fomu na mfumo utavuta habari kutoka Crossref, inayosajili zaidi makala, vitabu na mada, au DataCite, inayosajili zaidi data na programu. Mwongozo wa DataCite unalazimisha mambo sita tu: kitambulisho, muundaji, kichwa, mchapishaji, mwaka na aina. Mfadhili hayumo kati ya hayo sita, na hata Crossref haimlazimishi mchapishaji kumtaja. Kwa hiyo rekodi iliyovutwa ikija bila mfadhili, mashine haijakosea. Ni wewe unayetakiwa kumalizia.

Ongeza wafadhili wote waliotajwa kwenye kazi, si wako peke yake. Kila mfadhili awe na kisanduku chake na namba yake kando yake. Namba mbili katika kisanduku kimoja, zikitenganishwa kwa mkato, husomwa kama namba moja ndefu isiyofanana na ruzuku yoyote duniani. Na kazi ambayo ruzuku haikuigharamia isiunganishwe nayo, hata kama mtafiti ni yuleyule na muda wa ruzuku umekaribia kwisha. Orodha ya ruzuku iliyojazwa kazi za watu wengine inamharibia hata yule aliyefanya kazi kwa uaminifu, kwa sababu mkaguzi akikuta moja ya uongo hataziamini zilizobaki.

Tarehe ziangalie kwa makini. Makala inaweza kutoka mtandaoni Desemba na kuingia kwenye toleo la jarida Machi ya mwaka unaofuata, na sajili ikaleta tarehe zote mbili. Soma kanuni ya hifadhidata yako kuhusu ipi inahesabiwa kuwa mwaka wa kuchapishwa, kisha uishike kila mara. Taasisi moja ikihesabu ya mtandaoni na nyingine ya toleo, makala moja huonekana katika miaka miwili. Tarehe zote ziandikwe kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2024-03-05, ili asiwepo wa kujiuliza kama ni tarehe 5 Machi au 3 Mei.

Vichwa vinavyovutwa huja mara nyingine na alama za kupambia ndani yake, kama zile za herufi za mlalo kwa majina ya kisayansi ya viumbe, au vikiwa vyote kwa herufi kubwa. Safisha. Waandishi wabaki katika mpangilio wa makala, na "na wenzake" si mwandishi. Usimpe nafasi yake.

Mwandishi na taasisi yake

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kazi. Kazi ya kumtambua mtu ni ya ORCID. Kitambulisho hiki kina alama 16, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Ukitaka kuikagua mwenyewe: anza na sifuri, jumlisha tarakimu ya kwanza na uzidishe kwa 2, jumlisha inayofuata na uzidishe tena kwa 2, endelea hivyo hadi tarakimu ya 15. Gawanya ulichopata kwa 11, kisha baki lake litoe kwenye 12. Jibu likiwa 10 huandikwa X. Likiwa 11 au 12 punguza 11. Jaribu kwa kitambulisho cha mfano kinachotumiwa na ORCID wenyewe, 0000-0002-1825-0097, ambacho ni cha profesa wa kubuni: hesabu inafika 1,314, ukigawanya kwa 11 linabaki 5, na 12 ukitoa 5 ni 7. Ndiyo tarakimu ya mwisho.

Ukaguzi huo unakamata kosa la kuandika. Haukamati kitambulisho sahihi cha mtu mwingine, na hapo ndipo madhara makubwa yanapotokea. Usitafute jina kwenye orodha ya ORCID ukachagua linalofanana. Watu wenye majina sawa ni wengi, na akaunti nyingi hazina chochote hadharani cha kuwatofautisha. Mwombe mwandishi aingie kwa akaunti yake na kuiruhusu hifadhidata imsome. Hapo amejithibitisha mwenyewe. Akiwa hajafanya hivyo, heri kisanduku kibaki wazi kuliko kuzipeleka kazi zake kwa mtu mwingine.

Taasisi ni ile iliyoandikwa kwenye kazi, si ile anayofanyia kazi mwandishi leo. Mtu akihama, rekodi za zamani hazihami naye. Ichague kwenye orodha inayotumia ROR badala ya kuandika jina, kwa kuwa jina moja la chuo huweza kuandikwa kwa vifupisho, kwa lugha mbili, na kwa jina la zamani. ROR ni anwani inayoishia na alama tisa zinazoanza na sifuri. Inatambulisha taasisi nzima. Idara na maabara ziandikwe kama maneno kwenye kisanduku chao. Mwandishi akiwa na taasisi mbili kwenye makala, ziingize zote mbili.

Inasomeka wapi, toleo lipi, kwa leseni gani

Maswali haya matatu hujibiwa na visanduku vitatu tofauti, na watu huyachanganya. Kiungo kinampeleka msomaji kwenye rasimu iliyowasilishwa, andiko lililokubaliwa, au toleo la mchapishaji? Sema ni lipi. Je, faili liko wazi, limezuiliwa hadi tarehe fulani, au halipatikani kwa umma? Na leseni yake ni ipi? "Bure kusoma" si leseni: ukurasa unaweza kufunguka kwa kila mtu huku haki zote zikibaki kwa mchapishaji. Leseni iandikwe pamoja na namba ya toleo lake, kama CC BY 4.0 (inayoruhusu kutumia kazi kwa kumtaja mwandishi), na anwani yake. Isipotajwa popote kwenye kazi, acha wazi, usikisie.

Muda wa kuzuiliwa uandikwe kama tarehe ya kufunguliwa. Ukiandika "miezi 6" mashine haijui ianzie wapi kuhesabu, na faili linabaki limefungwa miaka. Ila rekodi yenyewe haisubiri faili: kichwa, waandishi, ruzuku na tarehe ya kufunguliwa vionekane tangu mwanzo. Muhtasari pekee ndio wa kuuangalia, kwa kuwa unaweza kuwa na hakimiliki hata pale metadata nyingine zinapotolewa kwa CC0, yaani bila kubakiza haki yoyote.

Kazi isiyo na DOI, kama ripoti, ipewe anwani ya kudumu kwa kuiweka kwanza kwenye hazina ya kidijitali. Kiungo kielekee ukurasa wa maelezo, si faili la PDF moja kwa moja, mafaili huhamishwa. Na makala ambayo mchapishaji ameshaipa DOI usiiombee nyingine ukiiweka kwenye hazina. Hapo utakuwa umezaa pacha ambaye kila mwaka utahangaika kumwondoa.

Ukipeleka rekodi nyingi kwa pamoja

Ukitumia lahajedwali, hasara nyingi hutokea kabla hata hujatuma. Programu ya lahajedwali huona tarakimu ikadhani ni hesabu: ORCID isiyo na vistari hupoteza sifuri zote za mbele, ISBN ya tarakimu 13 hugeuka 9.78E+12, na namba ya ruzuku kama 12-03 hugeuka tarehe. Weka safuwima zote za vitambulisho ziwe za maandishi kabla ya kubandika chochote, si baada. Hifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato) kwa usimbaji wa UTF-8, unaobeba herufi za lugha zote, kisha ifungue kwa kihariri cha maandishi matupu uone kama majina yenye alama juu ya herufi yamebaki salama.

Mfumo wako ukivunwa, yaani hifadhidata ya pamoja ikija yenyewe kuchukua rekodi zako, kwa OAI-PMH, itifaki ambayo toleo lake la 2.0 limetumika tangu 2002, chunguza muhuri wa tarehe wa kila rekodi, yaani tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho. Mvunaji kwa kawaida huomba tu zilizobadilika tangu alipokuja mara ya mwisho. Kama mfumo wako haubadilishi muhuri unaposahihisha namba ya ruzuku, sahihisho litabaki kwenu milele huku hifadhidata ya pamoja ikiendelea kuonyesha kosa. Kagua pia kama mfumo unatangaza rekodi zilizofutwa. Usipotangaza, ulichokiondoa kwenu kitaendelea kuishi kule.

Kabla ya kutuma rekodi 3,000, tuma kumi. Chagua zile ngumu: isiyo na DOI, yenye waandishi mia, yenye wafadhili wawili, iliyozuiliwa hadi tarehe, yenye jina la herufi zisizo za kawaida. Makosa yakirudi, anza na la kwanza kwenye orodha. Mara nyingi ndilo lililozaa mengine yote.

Baada ya kutuma

Hakikisha rekodi imetoka kwenye hali ya rasimu. Mifumo mingi ina hatua tatu, yaani rasimu, imewasilishwa, imethibitishwa, na ya mwisho humsubiri mtu wa ofisi ya utafiti au mkutubi ambaye huenda hajui kwamba kuna kinachomsubiri. Toka kwenye akaunti yako, subiri mavuno yapite, kisha itafute rekodi kama mgeni yeyote: kwa DOI, kwa jina la mwandishi, na kwa namba ya ruzuku. Ikipatikana kwa njia mbili na kukosekana kwa ya tatu, umeshajua kisanduku chenye kosa.

Makala ikitenguliwa na jarida, usiifute. Iwekee alama kwamba imetenguliwa na uiunganishe na tangazo la kutenguliwa, ili anayeikuta kwingine ajue. Tangazo la masahihisho nalo liunganishwe na makala yake. Si tokeo jipya la ruzuku.

Ripoti ya mfadhili ikikaribia, toa orodha kwa namba ya ruzuku na uiweke mbele ya mtafiti mkuu angalau wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu mavuno na uthibitisho huchukua siku. Kazi anayoikumbuka na haimo kwenye orodha, itafute kwanza kwenye rasimu zisizothibitishwa, kisha itafute kwa DOI bila kuchuja kwa ruzuku. Ikijitokeza kwa njia ya pili, namba ya ruzuku ndiyo iliyokosewa: ifungue, uilinganishe na mkataba tarakimu kwa tarakimu, usahihishe, na uhakikishe muhuri wa tarehe umebadilika kabla ya mavuno yanayofuata.